Pedali za Kubadilisha Kimo cha Sauti kwa Gitaa na Besi: Ipi Inafaa Kazi Gani

Anayetafuta pedali ya kubadilisha kimo cha sauti hukutana na majina mengi yasiyomsaidia sana. Pedali za oktava (noti ileile ikitetemeka mara mbili zaidi au nusu yake), za kushusha tuni, za kupanda na kushuka kwa mguu, na za kuongeza sauti ya pili huwekwa katika kundi moja, ilhali zinafanya kazi nne zisizofanana. Kwa maoni yangu, swali linalozitenganisha vizuri kuliko yote ni hili: ukishakanyaga swichi, je, sauti halisi ya ala inabaki ikisikika pamoja na ile iliyobadilishwa, au inatoweka na nafasi yake kuchukuliwa kabisa na sauti mpya?

Swali hilo lina uzito kuliko idadi ya nobu, na sababu yake ni muda. Kifaa kinachopima noti, au kinachokata sauti vipande vidogo na kuviunga upya kwa kasi tofauti, hakina budi kuona kiasi fulani cha wimbi kabla ya kutoa kitu cha maana. Uzi mnene wa gitaa, yaani E ya chini, hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde, hivyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 12. E ya chini ya besi, yenye Hz 41, huchukua milisekunde 24, na B ya besi ya nyuzi tano, yenye Hz 31, hupita milisekunde 32. Noti ya A ya Hz 440, kwa upande mwingine, humaliza mzunguko wake ndani ya milisekunde 2 na ushei. Kwa hiyo kadiri noti inavyokuwa nzito, ndivyo kazi ya pedali inavyokuwa ngumu, na hakuna mtengenezaji anayeweza kuikwepa hali hiyo. Anachoweza ni kuchagua kama upungufu utajitokeza kwa kuchelewa au kwa sauti kutetemeka pale vipande vinapoungwa.

Sauti halisi ikibaki, mlio wa kwanza wa kidole au kipigio hufika sikioni papo hapo, na sauti iliyobadilishwa huingia nyuma yake bila mpigaji kuona tatizo lolote. Sauti halisi ikiondolewa, mlio huo wa kwanza nao unasubiri. Milisekunde 10 si nyingi, kwani ni sawa na kusimama mita tatu na nusu hivi kutoka kwenye spika, lakini mpigaji wa midundo ya haraka iliyokatwakatwa huzihisi vidoleni hata kama msikilizaji hazisikii. Ndiyo maana mtu anaweza kuisifu pedali moja kwa kuongeza oktava na mwingine akailaumu pedali ileile kwa kushusha tuni, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Oktava: analogi au dijitali

Pedali za oktava ndizo kongwe katika ukoo huu. Fundi Roger Mayer alimtengenezea mpiga gitaa Jimi Hendrix kifaa cha Octavia, ambacho kilisikika katika rekodi za mwaka 1967, nacho kilikuwa cha kupandisha: nusu ya chini ya wimbi hukunjwa ikageuzwa juu, vilele huwa maradufu, na oktava ya juu huzaliwa ikiwa imejaa mkwaruzo. Kushuka kulihitaji njia nyingine. Boss OC-2 ya mwaka 1982 huhesabu mizunguko ya wimbi na kutoa mpigo mmoja kwa kila mizunguko miwili, hivyo hupata oktava moja chini, na ikirudia hesabu hiyo hupata oktava ya pili. Haihifadhi sauti wala kuikata vipande, kwa hiyo huitikia upesi sana.

Gharama ya wepesi huo ni kwamba saketi ya kuhesabu hujua noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukipiga kodi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, au hata ukiacha uzi wa jirani ulie kidogo, hesabu huvurugika na pedali huanza kurukaruka kati ya noti kwa kelele ambayo wengine huipenda na wengi huikimbia. Noti zikififia pia husumbua, kwa sababu wimbi dhaifu huhesabiwa vibaya, na noti hukatika kabla uzi haujanyamaza. Mpigaji wa pedali ya analogi hujifunza kunyamazisha nyuzi asizozitumia, kuchagua pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) ya karibu na shingo, na kupunguza nobu ya toni ili wimbi linaloingia liwe laini. Kompresa, yaani pedali ya kusawazisha nguvu ya sauti, ikitangulia mbele yake husaidia pia. Mlio unaotoka si wa gitaa lililoshushwa. Ni mlio wa pembe kali unaokaribia sintesaiza ya zamani, na wanaoipenda OC-2 huipenda kwa sababu hiyohiyo.

Electro-Harmonix POG ya mwaka 2005 ilifungua mlango mwingine, kwani hupokea kodi nzima na kuipandisha au kuishusha bila kuchanganyikiwa. Ukiiongezea oktava ya juu, gitaa linakaribia kinanda cha ogani. Ukiiongezea ya chini, mpigaji aliye peke yake bila mwenzake wa besi anapata uzito ambao angelazimika kuuacha. POG2, iliyofuata baadaye, ina nobu za kuteleza kwa ajili ya oktava mbili juu na mbili chini, kichujio cha kupunguza ukali, na nobu ya kuchelewesha mwanzo wa noti ili sauti iingie taratibu. Ulaini huo unapendeza, ila mtu aliyezoea ukwaruzi wa analogi huuona umesafishwa kupita kiasi, na nadhani ana haki ya kulalamika: katika mstari wa noti moja moja wenye midundo, OC-2 huuma pale ambapo POG huteleza.

Kati ya hizo mbili kuna njia ambayo mara nyingi husahaulika. Boss OC-3 ya mwaka 2003, katika hali yake ya noti nyingi, ina nobu ya kuamua oktava iishie wapi, ili noti za chini pekee ndizo ziongezewe uzito na zile za juu zibaki kama zilivyo. Kwa anayepiga kwa vidole, dole gumba likishika mstari wa besi na vidole vingine melodia, uwezo huo una faida kuliko oktava inayofunika kila kitu. OC-5 ya mwaka 2020 iliendeleza ukoo huo kwa swichi ya kuchagua kati ya mlio wa zamani wa OC-2 na hali ya noti nyingi, na mtu ambaye bado hajaamua anapenda upande gani ningemwelekeza huko kwanza.

Kushusha tuni: pedali au nyuzi zenyewe

Hapa sauti halisi inaondolewa, na masharti yote yanabadilika. DigiTech Drop hushusha ala nzima kwa nusu toni (hatua ya freti moja) moja hadi saba, kisha ina nafasi ya oktava kamili na nyingine ya oktava pamoja na sauti halisi. Anayepiga nyimbo za tuni mbalimbali katika onyesho moja anaacha gitaa la pili nyumbani, na mwenye gitaa la daraja linaloelea, la aina ya Floyd Rose, anaokoa muda mwingi zaidi, kwa kuwa kubadilisha tuni ya daraja kama hilo ni kusawazisha upya chemchemi na nyuzi zote kwa pamoja.

Ulinganisho wa haki, hata hivyo, ni kati ya pedali na kulegeza nyuzi. Mkazo wa uzi hubadilika kwa kipeo cha pili cha kasi ya mtetemo wake. Ukishuka nusu toni mbili, uzi hupoteza takriban asilimia 20 ya mkazo. Ukishuka nusu toni nne, hupoteza takriban asilimia 37, na kwa nyuzi zilezile gitaa huanza kutetema juu ya freti na noti kutoka nje ya tuni kila unapobana kwa nguvu. Dawa ya asili ni nyuzi nene, na kwa tuni za chini sana ni gitaa la baritoni, ambalo urefu wa nyuzi zake mara nyingi huanzia inchi 27, ilhali gitaa la Fender lililozoeleka lina inchi 25.5. Pedali huacha mkazo uleule chini ya vidole, na hilo ni jambo kubwa kwa mwenye mkono mzito.

Kinachopotea ni tabia ya sauti. Pedali haishushi noti peke yake. Hushusha pia mlio wa mbao, mlio wa kipigio na ukali wote wa juu, na matokeo yake hupoa kadiri unavyoteremka. Nusu toni moja au mbili hupita bila mtu kutambua, hasa penye distoshoni, yaani sauti iliyokwaruzwa makusudi. Tatu bado zinavumilika. Kuanzia nne na kuendelea, mlio wa kwanza wa noti huwa butu, na mpigaji wa sauti safi isiyo na distoshoni atasikia kwamba kuna mashine kati yake na spika. Kwa tuni unayoitumia kila siku iliyo chini kiasi hicho, sioni sababu ya kununua pedali. Nyuzi nene hutoa sauti bora zaidi.

Kuna mambo mengine ambayo maelezo ya bidhaa hayagusi. La kwanza ni kwamba nyuzi zenyewe hazijabadilika, hivyo ukipiga kwa sauti ndogo chumbani, masikio yako yanasikia gitaa likilia katika tuni yake na spika ikilia katika nyingine, na mgongano wake unachosha hata kama pedali haina kosa. Sauti ikiwa kubwa, au ukitumia visikizi, tatizo linakwisha. La pili ni kwamba mlio unaoendelea kwa kurudiana kati ya spika na uzi haufanyi kazi kama ulivyozoea, kwa kuwa kinachotoka kwenye spika si kimo kinachoutetemesha uzi ule. La tatu ni kwamba pedali hushusha nyuzi zote kwa kiasi kimoja; tuni inayolegeza uzi mmoja tu, kama kushusha E ya chini iwe D, bado inafanywa kwa mkono, ingawa ukishaifanya unaweza kuishusha yote kwa pamoja zaidi. Na kifaa cha kutunia kikae kabla ya pedali hii, la sivyo kitasoma noti iliyoshushwa nawe utadhani gitaa limeharibika.

Kupanda na kushuka kwa mguu

DigiTech Whammy ilitoka mwaka 1989, na kikanyagio chake chekundu bado ndicho kipimo cha wengine wote. Kisigino kikiwa chini noti iko mahali pake. Vidole vya mguu vikishuka, noti inateleza kufuata mguu hadi oktava moja au mbili juu, au chini, kulingana na nafasi uliyochagua. Mpiga gitaa Tom Morello aliifanya kuwa sehemu ya lugha yake ya gitaa, na mwenzake Jack White ameitumia ikiwa imewekwa oktava chini ili gitaa lake lishike nafasi ya besi. Toleo la tano, la mwaka 2012, lina hali mbili: ile ya zamani, ambayo huparuza na kuyumba ukipiga noti zaidi ya moja, na ya kodi, ambayo hubeba noti nyingi kwa usafi. Usidhani hali ya pili imeifuta ya kwanza. Kuyumba kule ni sehemu ya sauti iliyowavutia watu kwenye Whammy, na toleo linalotoa zote mbili lina thamani kwa sababu hiyo.

Mshindani wake wa kwanza ni Whammy Ricochet, ambayo haina kikanyagio cha kuinama. Unabonyeza swichi, noti inapanda kwa mwendo uliouweka kwenye nobu moja, ukiachia inarudi kwa mwendo wa nobu nyingine. Inachukua nafasi ndogo na kila mruko unafanana na uliopita, jambo linalomfaa anayetaka tukio lilelile mahali palepale katika wimbo. Asiyejua kabla ya kupiga kwamba noti itasimama wapi, au anayetaka kuiyumbisha katikati ya safari, atajuta kuukosa mguu wake. Electro-Harmonix Pitch Fork inakaa katikati: hupandisha au kushusha hadi oktava tatu, inaweza kufanya yote mawili kwa pamoja, na ina tundu la kikanyagio ambacho hununuliwa kando. Ina pia nobu ya kuchanganya sauti halisi na iliyobadilishwa, hivyo inagusa kazi ya oktava, ya kushusha tuni na ya mguu. Haishindi pedali maalumu katika kazi yoyote kati ya hizo, lakini kwa mwenye nafasi ya pedali moja tu ni jibu la busara.

Pedali za sauti ya pili nazitaja kwa kifupi, maana uamuzi wake ni mwepesi. Anayetaka gitaa mbili zikiimba pamoja kwa umbali wa noti tatu za skeli anahitaji kifaa kinachojua ki ya wimbo, yaani skeli ambayo wimbo umejengwa juu yake, kama Boss PS-6 Harmonist. Katika C meja, sauti ya pili juu ya C ni E, nusu toni nne mbele, lakini juu ya D ni F, nusu toni tatu tu. Pedali ya umbali usiobadilika iliyowekwa kwenye nne itatoa F iliyopandishwa nusu toni, nje ya skeli. Kwa umbali wa tano au wa oktava, pedali ya kawaida hutosha karibu kila mahali.

Besi haifuati hesabu ya gitaa

Mpigaji wa besi asinunue kwa kusoma sifa zilizoandikwa kwa ajili ya gitaa. Oktava ya chini ya E yake ya chini kabisa ni Hz 20.6, mpakani mwa usikivu wa binadamu, na spika nyingi za jukwaani hazina uwezo wa kuitoa. Zitatikisika na kumeza nguvu ya amplifaya bila noti kusikika. Oktava ya chini kwenye besi hupata maana shingo inapopandwa. Piga A kwenye freti ya saba ya uzi wa D, ambayo ni Hz 110, na pedali itaongeza Hz 55, sawa na uzi wa A ukiwa wazi, huku noti ya juu ikibaki kuupa mstari uwazi wake. Mpiga besi Pino Palladino alitumia OC-2 pamoja na besi isiyo na freti katika miaka ya 1980 akaonyesha jinsi mchanganyiko huo unavyoimba. Kwa mistari ya namna hiyo, inayopigwa noti moja moja, analogi ina ubora wa kweli kwenye besi: huitikia upesi, na besi haina haja kubwa ya kodi.

Oktava ya juu ni habari nyingine. Mike Kerr wa Royal Blood hupiga besi na kuipeleka kwenye amplifaya za gitaa kwa msaada wa oktava za juu, na bendi ya watu wawili inasikika kama ya watatu. Hapo pedali ya dijitali ya noti nyingi ndiyo inayofaa, na kuchelewa hakusumbui, kwa sababu sauti halisi ya besi inaendelea kushika mdundo chini yake. Kushusha tuni ya besi kwa pedali, sauti halisi ikiwa imeondolewa, ndiyo kazi ninayoishauri mara chache zaidi kuliko zote. Mawimbi ni marefu, mlio wa kwanza wa noti hulegea, na besi ndiyo inayopaswa kukaa pamoja na ngoma kuliko ala nyingine yoyote. Nusu toni moja kwa wimbo mmoja inakubalika. Anayehitaji noti za chini ya E kila mara anunue besi ya nyuzi tano.

Kuhusu mpangilio, kanuni ni moja: pedali ya kubadilisha kimo ikae mapema, kabla ya distoshoni, dilei na mwangwi, kwa sababu inasoma vizuri wimbi safi na kwa sababu distoshoni inayofuata huficha mishono yake. Isipokuwa fazi, pedali za mkwaruzo mzito. Fazi za mtindo wa zamani, za ukoo wa Fuzz Face, hutaka kuunganishwa moja kwa moja na pikapu za gitaa, na pedali ya dijitali ikiwekwa mbele yake hubadilisha tabia yake hadi ikakwaruza vibaya. Mwenye vyote viwili atalazimika kuchagua kati ya fazi nzuri na noti inayosomeka, au atafute fazi isiyo na masharti hayo.

Umeme nao utazamwe, hasa kwa anayenunua kilichotumika. Whammy ya toleo la nne hutumia volti 9 za mkondo geu (AC), ilhali ya toleo la tano hutumia volti 9 za mkondo mnyoofu (DC), na adapta zake hazibadilishani. Pedali za dijitali pia hula mkondo mwingi kuliko za analogi, kwa hiyo soma kiasi kinachotakiwa nyuma ya kifaa kabla ya kuunganisha zote kwenye chanzo kimoja.

Unapoijaribu pedali kabla ya kulipa, acha distoshoni imezimwa na piga mambo matatu: kodi kamili ya nyuzi sita iliyoachwa ilie hadi ififie, ili usikie kama inatetemeka mwishoni, midundo ya haraka iliyokatwa kwa kiganja kwenye uzi mnene, sauti halisi ikiwa imeondolewa, ili vidole vyako vihisi kuchelewa, na noti moja ya chini kabisa ya ala yako, ukiishikilia kwa muda mrefu. Anayenunua kwa ajili ya besi aanze na hilo la tatu, na pedali ikishindwa hapo asiendelee na mengine.